Lenzi ya babu kwenye kamera ya leo: namna ya kujua kama zinapatana

Filmi ya foto iko na tabia moja ngumu: haikuonyeshi kosa siku ileile. Unapiga foto 36 kwenye ndoa ya dada yako ao kwenye kilio cha mzee wa familia, watu wanarudi kwao, kisha filmi inangojea mtu wa kuisafisha. Wiki mbili ao mwezi mmoja nyuma, njo unaona kama sura zote zimefifia, na kitu kimoja tu kilicho kikali ni ukuta ulio nyuma ya watu. Siku ile hairudi.

Kosa la namna hiyo linawapata sana wale wanaofunga lenzi ya zamani kwenye kamera ya telemetri ya kisasa. Na watu wanaofanya hivyo wanaongezeka, juu lenzi za zamani ziko nyingi, zingine bado ziko kwenye masanduku ya wazee, na foto zake ziko na sura ambayo simu haitoi. Ndugu msomaji, katika makala hii tunaeleza kwa nini lenzi ya mwaka 1935 ao 1960 inaweza kufanya kazi kwenye kamera ya mwaka 2022, fasi gani inaweza kukudanganya, na namna ya kuipima mbele haujapoteza filmi na pesa.

Kamera ya telemetri inaona namna gani?

Kamera nyingi zenye watu wanazijua ni za kioo cha ndani: ukichungulia, unaona kile lenzi inaona. Ikiwa lenzi haijawekwa sawa, unaona palepale kama foto imefifia.

Kamera ya telemetri haifanye hivyo. Wewe unachungulia kwenye dirisha dogo la pembeni, na lenzi iko fasi yake. Mbele ya kamera kuko madirisha mawili yaliyoachana kidogo. Kioo cha ndani kinaleta picha ya dirisha la pili katikati ya dirisha lako. Kwa hiyo unaona mtu mara mbili, sawa vile ukiweka kidole mbele ya pua na kufunga jicho moja kisha lingine: kidole kinahama. Unazungusha pete ya lenzi mpaka zile picha mbili zinakuwa moja. Hapo njo umbali uko sawa.

Lakini kamera inajua je umbali wa lenzi? Nyuma ya lenzi kuko pete ya chuma ambayo inasukuma mkono mdogo ndani ya kamera. Lenzi ikienda mbele, mkono unafuata, na picha ya pili inahama kwenye dirisha. Ni ule mkono peke yake unaoleta habari. Kamera haione kile lenzi inaona. Inaamini tu kile inaambiwa. Lenzi ikisema uongo kidogo, dirisha litakuonyesha kama kila kitu kiko muzuri, na filmi itaandika kitu kingine.

Weka jambo hilo kichwani, juu karibu mashauri yote yanayofuata yanatoka hapo.

Milimita moja iliyofungua mlango

Kampuni Leitz ya Ujerumani ilianza kuuzisha kamera ya Leica katika mwaka 1925. Katika mwaka 1930 ilitoa Leica ambayo lenzi yake inafunguka, lakini mwanzoni kila lenzi ilikuwa inapimwa kwa kamera yake moja. Kuanzia mwaka 1931 vipimo vilikuwa vya namna moja, na lenzi yoyote ikaweza kuingia kwenye kamera yoyote ya Leica. Mwaka uliofuata, 1932, Leica II ikaja na telemetri ndani yake.

Lenzi hizo zilikuwa zinafungwa kwa kuzungusha, sawa vile kifuniko cha chupa. Upana wa fasi ya kufungia ni milimita 39, njo maana wapiga foto wanaziita M39. Kutoka pale lenzi inakalia mpaka kwenye filmi kuko milimita 28.8.

Katika mwaka 1954 Leitz ilileta Leica M3, yenye kufunga kwa bayoneti: unaingiza, unazungusha kidogo, inalia « tak ». Kwa kamera hiyo mpya, umbali kutoka lenzi mpaka filmi uliwekwa milimita 27.8. Ona hesabu: 28.8 toa 27.8, inabaki milimita 1 kamili. Haikuwa bahati. Waliacha ile milimita kusudi pete nyembamba ya chuma ijaze pengo, na mwenye lenzi za zamani asizitupe.

Pete hiyo bado inatengenezwa leo. Unaizungusha nyuma ya lenzi ya M39, na lenzi inakuwa ya bayoneti ya M. Kwa hiyo inaweza kuingia kwenye Leica MP ya mwaka 2003, Leica M-A ya mwaka 2014, ao Leica M6 ambayo ilirudishwa sokoni katika mwaka 2022. Inaingia pia kwenye kamera za Voigtländer Bessa za kuanzia R2 na kwenye Zeiss Ikon ya mwaka 2005, ambazo zilitengenezwa na kampuni Cosina ya Japani. Bessa R ya kwanza, ya mwaka 2000, haina hata haja ya pete: yenyewe ni ya kuzungusha ya M39. Bessa na Zeiss Ikon hazitengenezwe tena, lakini za mkono wa pili bado zinapatikana.

Kwa nini pete ya bei ya chini inaweza kukuumiza

Watu wanasemaka: pete ni pete tu. Apana. Tupige hesabu kidogo.

Tuseme pete yako ina kosa la sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukifungua diafragma kwenye 2, nukta moja ya mwangaza inaanguka kwenye filmi kama duara lenye upana wa 0.1 kugawa kwa 2, maana yake milimita 0.05. Kipimo kilichozoewa kwa filmi ya milimita 35 ni kama nukta isipite milimita 0.03, ikipita hapo, jicho linaanza kuona kama foto imefifia. Basi umekwisha kupita. Lakini ukifunga diafragma mpaka 8, duara linakuwa 0.1 kugawa kwa 8, karibu milimita 0.013. Hapo hakuna mtu atakayeona kosa.

Hesabu hiyo inaeleza kitu ambacho kinashangaza watu wengi: lenzi ileile, pete ileile, foto za mchana kwenye jua zote ni muzuri, lakini foto za jioni ndani ya nyumba zote zimeharibika. Kosa lilikuwako tangu asubuhi. Diafragma njo ilikuwa inalificha.

Pete iko na kazi ya pili. Kwenye Leica M na kwenye Zeiss Ikon, ukifunga lenzi, kamera yenyewe inachagua mistari ya kukuonyesha mpaka wa foto ndani ya dirisha. Pete ziko za namna tatu: moja inaleta mistari ya milimita 50 na 75, nyingine ya 35 na 135, nyingine ya 28 na 90. Ukiweka lenzi ya milimita 35 kwenye pete ya 50, foto itatoka, lakini mistari itakudanganya. Kwenye Bessa, mistari unaichagua mwenyewe kwa kidole, kwa hiyo hapo pete yoyote inafaa.

Familia za lenzi zenye unaweza kukutana nazo

Elmar ya Leitz, milimita 50 na diafragma 3.5. Hii ni lenzi ndogo ya chuma inayoingia ndani ya kamera kama haifanye kazi. Za mbele ya vita hazina tabaka la kuzuia mng'ao kwenye kioo.

Lenzi za Japani. Canon na Nikon zote zilitengeneza lenzi za M39. Kuko habari inayojulikana sana. Katika mwaka 1950, David Douglas Duncan, mpiga foto wa gazeti Life la Marekani, alikuwa Tokyo. Mwenzake wa Japani, Jun Miki, alimpiga foto kwa lenzi ya Nikkor ya milimita 85. Duncan alipoona foto ile, alishangaa namna ilikuwa kali, akaenda kwenye kiwanda kupima lenzi mwenyewe. Muda mfupi kisha hapo vita ya Korea ilianza, na alienda kule na lenzi za Nikkor juu ya Leica zake. Kwa hiyo kufunga lenzi ya kampuni moja kwenye kamera ya kampuni nyingine si ujanja wa leo. Wapiga foto wa vita waliufanya wakati kazi ilikuwa ya kufa na kupona.

Lenzi za Urusi na Ukrainia za wakati wa Muungano wa Kisovieti. Hizi njo za bei ndogo na njo zenye watu wengi wanaanza nazo: Jupiter-8 ya milimita 50 na diafragma 2, Jupiter-3 ya 50 na 1.5, Jupiter-12 ya 35 na 2.8, Industar-61 ya diafragma 2.8, na Industar-22 inayofanana na Elmar. Jupiter zilitoka kwenye michoro ya Zeiss ya Ujerumani. Jupiter-3 na Jupiter-8 zinafuata Sonnar, lenzi ambayo Ludwig Bertele aliichora mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kisha vita ya pili ya dunia, Wasovieti walipeleka kwao masini na vyombo vya Zeiss, na kazi ikaendelea kule.

Fasi ya kuangalia kwa Jupiter: Sonnar ilichorwa kwa ajili ya kamera Contax, na hesabu ya telemetri ya Contax haiko sawasawa na ya Leica. Contax ilihesabu lenzi ya « 50 » kama milimita 52.4, Leica ilihesabu 51.6. Kwa mambo ya mbali hauone tofauti. Lakini ukipiga sura ya mtu kwa metre moja, diafragma ikiwa wazi, ukali unaweza kuanguka kwenye pua ao kwenye sikio, na macho yakafifia. Ongeza pia mafundi waliofungua lenzi kwa miaka 60 na kurudisha vipande bila kupima, utaelewa kwa nini Jupiter mbili zenye kufanana kwa macho zinaweza kutoa foto tofauti kabisa.

FED za mbele ya vita, zilizotengenezwa Kharkiv kuanzia mwaka 1934, ziko na shida nyingine: nyingi hazikufuata kipimo kimoja. Lenzi yake inaweza kuingia vizuri kwenye kamera yako na isiweke ukali hata fasi moja.

Na ujihazari na Leica ya uongo. FED na Zorki nyingi zilipakwa rangi upya, zikaandikwa Leica, zingine na tai wa jeshi la Wanazi juu yake, na lenzi ikaandikwa Elmar. Njia moja ya kupima: fungua lenzi, angalia ule mkono wa ndani. Kwenye Leica ya kweli, mwisho wake uko na gurudumu dogo la mviringo linalozunguka. Kwenye FED na Zorki, uko na ncha ya chuma isiyozunguka. Mtu akikuomba bei ya Leica na hauone gurudumu, shika pesa yako.

Kupima lenzi mbele ya kulipa

Hauna haja ya masini. Chukua tochi ya simu na kalamu.

Fungua diafragma yote, weka tochi upande mmoja na uchungulie upande mwingine kwa kuinama kidogo. Ukiona nyuzi nyembamba sawa vile mizizi ao utando wa buibui, ile ni kuvu. Kidogo kwenye pembe haiharibu sana foto, lakini inaendelea kula, na asidi yake inaacha alama kwenye kioo ambayo hata fundi hawezi kuiondoa. Ukiona kitu sawa vile pumzi kwenye kioo cha dirisha, ule ni ukungu wa mafuta yaliyopanda kutoka kwenye meno ya lenzi. Ule mara nyingi unasafishwa, lakini mpaka kufungua lenzi. Ukiona rangi za upinde wa mvua ao madoa kwenye ukingo, gundi inayoshikanisha vioo viwili imeachana. Kazi hiyo ni ngumu na ya bei.

Alama ndogo za kukwaruza mbele hazina neno sana. Alama kwenye kioo cha nyuma ni mbaya zaidi. Na ukiona vitone vya hewa ndani ya kioo, usiogope: kioo cha wakati ule kilikuwa navyo tangu kiwandani.

Kisha zungusha pete ya umbali kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ikiwa nzito, ni mafuta yaliyokauka. Ikiwa inatikisika, angalia mara mbili. Geuza pete ya diafragma na uangalie kama majani yake ni makavu. Soma namba zote na uziandike.

Kuko mambo mawili ya kuuliza mbele ya kufunga lenzi kwenye kamera. Moja: je, ni ya kuingia ndani? Lenzi sawa vile Elmar, ikiingizwa ndani ya kamera ya kisasa, inaweza kugusa vitu vya ndani na kuvivunja. Iache imetolewa wakati wote, na uifunge kwa kuigeuza mpaka mwisho kusudi isitikisike. Mbili: je, kioo cha nyuma kimetokeza sana? Jupiter-12 iko na kioo kikubwa kinachoingia ndani kabisa, na kwenye kamera fulani kinagonga. Ukisikia chuma kinagusana, rudisha. Usitie nguvu.

Kuipima nyumbani

Sasa lenzi iko mkononi. Mbele ya kuitumia kwa kazi ya watu, ipime kwa hatua mbili.

Hatua ya kwanza haiombe filmi. Fungua mgongo wa kamera, kamera ikiwa bila filmi. Kata kipande cha karatasi ya kalki ao skochi isiyong'aa, ukinyooshe juu ya reli mbili zenye filmi inateleza juu yake. Angalisho: usiguse pazia la kamera kwa kidole. Weka kasi kwenye B, bonyeza na ushikilie, diafragma ikiwa wazi kabisa. Lenga kitu cha mbali sana, antena ya simu ao mti ulio juu ya kilima, kilometre moja ao zaidi. Lenzi ikiwa kwenye alama ya 8 iliyolala, ambayo ni umbali usio na mwisho, picha kwenye kalki inapaswa kuwa kali. Iangalie kwa kioo cha kukuza. Kisha chungulia kwenye dirisha: zile picha mbili za antena zinapaswa kuwa moja.

Matokeo yanakuambia mgonjwa ni nani. Kalki ikiwa kali lakini dirisha linaonyesha antena mbili, na iko vile kwa lenzi zako zote, telemetri ya kamera njo imehama. Ikiwa ni lenzi moja tu, lenzi ile ao pete yake njo ina kosa. Badilisha pete kwanza, juu ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote.

Hatua ya pili ni filmi moja. Panga chupa tano tupu za bia kwa mshazari juu ya meza, kila moja iachane na mwenzake sentimita 3 kwenda nyuma. Weka kamera kwenye miguu ao juu ya kitu kisichotikisika, metre moja kutoka chupa ya katikati. Lenga maandishi ya ile ya katikati. Piga na diafragma wazi, kisha 2.8, kisha 4, kisha 5.6 na 8. Rudia kwa metre 2 na metre 3. Andika kila foto kwenye karatasi.

Kwa nini sentimita 3? Lenzi ya milimita 50 kwenye diafragma 1.5, kwa metre moja, inashika ukali wa sentimita 3 na nusu tu, mbele na nyuma pamoja. Kwenye 8 inashika karibu sentimita 18. Kwa hiyo kwenye foto ya kwanza chupa moja tu inapaswa kuwa kali. Ikiwa ile ya katikati, shukuru. Ikiwa ya mbele, lenzi inaleta ukali mbele. Ikiwa ya nyuma, inaupeleka nyuma. Fundi wa lenzi anaweza kurekebisha kwa kubadilisha kipete chembamba cha ndani. Kama hakuna fundi karibu, fungia diafragma kwenye 5.6 ao 8 kwa foto za karibu, na uache diafragma wazi kwa mambo ya mbali.

Lenzi za namna ya Sonnar ziko na tabia moja ya kuzaliwa nayo: ukifunga diafragma kidogo, ukali unahama kwenda nyuma. Fundi hawezi kuiondoa. Wewe unaweza tu kuijua kupitia zile chupa.

Kamera gani inabeba lenzi gani

Telemetri hazina nguvu sawa. Kadiri madirisha mawili yameachana, na kadiri dirisha linakuza, ndivyo kamera inapima vizuri. Unazidisha hivyo viwili. Leica M6 ya leo iko na milimita 69 hivi mara 0.72, inatoa karibu 50. Zeiss Ikon iko na 75 mara 0.74, inatoa karibu 55. Bessa R2 iko na 37 mara 0.7, inatoa karibu 26. Bessa R3 iko na 37 mara 1, inabaki 37.

Maana yake: Bessa R2 ni kamera muzuri kwa lenzi za 28, 35, na 50 zenye diafragma ya kawaida. Lakini ukiweka Jupiter-3 wazi kwenye 1.5 ao lenzi ya milimita 90 ya zamani, unaiomba kupima zaidi ya nguvu yake.

Mwangaza wa kwetu

Lenzi ya zamani isiyo na tabaka la kuzuia mng'ao inaogopa jua la pembeni. Mwangaza unaruka kati ya vioo na kumwaga ukungu mweupe juu ya foto yote. Dawa yake ni kofia ya lenzi. Jupiter-8 na Industar-61 zinapokea kofia na vichujio vya milimita 40.5. Usipokuwa nayo, simama kivulini ao kinga lenzi kwa mkono, ukiangalia mkono usiingie kwenye foto. Kumbuka kama dirisha halitakuonyesha vizuri.

Tabia hiyohiyo inaweza kukusaidia. Saa sita mchana jua letu linakata kivuli kikali chini ya macho. Lenzi inayopunguza ukali wa tofauti kati ya mweupe na mweusi inaacha kitu kionekane ndani ya kivuli, zaidi sana kwa sura za watu kwenye filmi nyeusi na nyeupe.

Kwa watu wa Goma kuko jambo la kuongeza. Kipimo cha mwangaza cha kamera kinafikiri kama dunia yote ni ya rangi ya kijivu. Ukilenga barabara ao kiwanja cha mawe meusi ya volkano, kinafikiri ni giza na kinaongeza mwangaza, na shati jeupe la mtu linaungua. Pima kwenye kitu cha kijivu kilicho kwenye jua lilelile, ao tumia sheria ya wazee: jua kali, diafragma 16, na kasi iwe sawa na namba ya filmi. Filmi ya 100, kasi ya 1/100 ao 1/125. Filmi ya 400, kasi ya 1/400 ao 1/500.

Elmar za kwanza hazina namba hiyo 16. Zimeandikwa 3.5, 4.5, 6.3, 9, 12.5, 18. Usitishike. Kutoka 4.5, kila namba inapunguza mwangaza kwa nusu, sawa vile kwenye namba za leo. Chukua 9 kama 8 na kidogo, 12.5 kama 11 na kidogo.

Na tafazali, usiache kamera ya Leica juu ya meza ikiangalia jua bila kifuniko. Pazia la Leica M za filmi ni kitambaa. Lenzi ikiwekwa kwenye umbali usio na mwisho inakusanya jua kama kioo cha kuwashia moto, na inatoboa kitundu kwenye pazia. Kisha hapo kila foto itakuwa na doa. Bessa na Zeiss Ikon ziko na pazia la chuma, lakini hata hizo, mazoea ya kuweka kifuniko ni mazuri.

Kuchunga lenzi na kuvu

Kuvu inaomba vitu vitatu: giza, unyevu, na hewa isiyotembea. Sanduku la ngozi lililofungwa miezi sita wakati wa mvua linatoa vyote vitatu, na ngozi yenyewe inashika maji. Ondoa lenzi kwenye ngozi. Iweke kwenye kisanduku cha plastiki kinachofunga vizuri, pamoja na vile vipaketi vidogo vya punje vinavyokuja ndani ya viatu vipya, bora kama vimekaushwa. Mchele hauvute maji vizuri na unaleta vumbi. Itoe lenzi kila wiki, izungushe, iache ipate mwangaza na hewa. Lenzi inayotumika inapata kuvu kidogo kuliko lenzi inayoheshimiwa tu ndani ya kabati.

Vumbi la volkano ni jiwe lililosagika. Ukilipangusa na kitambaa kikavu, unakwaruza kioo. Lipulizie kwanza, kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo, juu mate yana maji. Kisha brashi laini, na mwisho kabisa kitambaa.

Mwenye kuwa na kamera ya zamani ya familia iliyokufa, mbele ya kuiuzisha kama chuma, afungue lenzi yake na kuipimisha. Ikiwa inatoka kwa kuzungusha, na upana wa fasi ya kufungia ni milimita 39, kuko nafasi kubwa kama bado inaweza kufanya kazi. Tochi ya simu, pete moja nzuri, na chupa tano za bia vinatosha kukupa jibu.